Nyuki Hufariki

Fuata nyuki ule asali.
Mimi nimemfuata hadi utumboni
na huko sikukuta asali bali umati,
bakteria wa jamaa sita au saba,
wamebanana ukutani kama wasafiri
waliozaliwa ndani ya garimoshi
na hawajui kituo.

Nikamchagua mmoja, mpole, mla makombo.
Nikamwingizia kitanzi cha herufi,
kipande cha maandishi ya adui mwenyewe,
ili nyuki aujue mwandiko wa virusi
kabla virusi havijabisha hodi.
Wenzangu hukiita chanjo. Si chanjo.
Ni kama kumlisha mtoto jina la mwizi
hadi mate yake yalijue.

Nyuki akichomoza kwenye kitundu chake cha nta
tumbo lake ni tupu, sahani ya kabatini.
Dada zake ndio humpa hao bakteria,
mdomo kwa mdomo, mavi kwa mdomo, tusione haya.
Hapa Ljubljana hana dada. Ana mimi,
na kikombe cha plastiki, na maji ya sukari
yenye kiumbe nilichokishona.

Siku ya kumi na mbili. Kikombe cha saba:
kumi na wanane kati ya ishirini wangali wanatembea.
Kikombe cha nane, wasiopewa kitu: sita.
Nikahesabu tena. Nikaenda kunawa uso.

Jioni hiyohiyo baba akapiga simu.
Amefungua mizinga, theluji ingali vivulini.
Oktoba aliifunga arobaini na mmoja;
tisa ndiyo iliyovuma.
Mingine ni nta na kupe,
kupe wekundu, kichwa cha pini,
na mbawa zilizokunjamana kama karatasi ya peremende.

Lugha yetu ina vitenzi viwili vya kufa,
kimoja cha ng'ombe, mbwa, kunguru,
kimoja cha watu. Nyuki amepewa cha watu.
Baba hakusema wamekufa. Alisema wamefariki,
mara thelathini na mbili, mzinga kwa mzinga,
kila mmoja kwa picha aliyochora babu yake usoni pake:
Dubu Anayemzika Mwindaji, amefariki.
Shetani Anayenoa Ulimi wa Mke wa Jirani,
amefariki.

Alhamisi akaja. Basi la saa nne kutoka Zabreg,
koti la kanisani. Tukamvisha viatu
mifuko ya plastiki. Akasimama mbele ya kioo
hadi Tadeja akamaliza kupanga vyombo vyote
na kuanza kujifanya anapanga vingine.

“Wanaomba kutoka?”
“Hawajawahi kutoka, baba.”
“Sikuuliza hivyo.”

Nikamweleza sheria: milango miwili,
hewa inayovutwa ndani tu,
kiumbe kilichoshonwa hakitui juu ya ua
la mtu ambaye hakuulizwa. Na maua yote,
kuanzia dirisha lile hadi milimani,
ni ya watu ambao hawakuulizwa.
Akaitikia kwa kichwa, kama anayetajiwa bei.
Kisha: “Ukinipa, nitakataa.
Ungenipa?”

Tadeja aliangusha kitu. Nilimshukuru moyoni.

Siku ya kumi na tano jaribio hufungwa.
Vikombe vyote huingia kwenye friza, hasi themanini,
wazima na wagonjwa, wenye kitanzi na wasio nacho.
Kwenye fomu pana safu: idadi iliyoteketezwa.
Nikaandika mia mbili na sita,
kisha pembeni, kwa penseli, kile kitenzi.

Nyumbani nilikung'uta koti juu ya beseni,
kama tunavyoagizwa, asije mmoja akanifuata.
Mikono. Kola. Mshono wa mfuko.
Vumbi la sukari. Na tikiti ya basi,
sijui baba aliitia saa ngapi,
nyuma yake mwandiko wake uliolala,
neno moja tu:
nane.